Hakunyonya, Alinyweshwa

Wapo watu wa kusamehe, na Mungu awazidishie. Kuluthum binti Sefu wa Bondeni, mjini Nakuru, hakuwa miongoni mwao, wala hakuona haya kwa hilo. Mtu akimkanyaga sokoni asiombe radhi, mwezi mzima baadaye angali anaikumbuka rangi ya kiatu. Sasa mchukue mwanamke wa namna hiyo, umnyime mtoto wake wa kwanza maziwa mpaka afe, halafu uendelee kuishi naye ukuta kwa ukuta na kumwazima chumvi. Ndivyo alivyofanya Samsam, dada wa Abdirashid, mume wa Kuluthum. Wifi mtu.

Mtoto aliyekufa aliitwa Badi. Alizaliwa mwaka wa hamsini na moja, mvua ndefu zilipoanza kulaza vumbi la Nakuru. Alikuwa mzima, mwenye sauti. Siku ya kumi na mbili Kuluthum aliamka titi moja limekuwa gumu na jekundu, baada ya siku mbili la pili likafuata, na homa ikampanda mpaka akawa anazungumza na marehemu mamake. Yalikuwa majipu. Kilichotoka humo kilikuwa usaha na damu, si kitu cha kumpa mtoto. Wakampa Badi maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, akaharisha. Wakampa uji mwepesi, akaharisha zaidi.

Na ng'ambo ya ukuta Samsam alikuwa na binti wa miezi minne na maziwa ya kulisha watoto watatu. Abdirashid alivua kofia akaenda kumwomba dadake. Alimkuta anakaanga mandazi.

"Dada, mpe Badi ziwa. Siku mbili tatu tu, mpaka mamake apate nafuu."

Samsam akageuza mandazi. "Kaka, unajua unaloniomba? Nikimnyonyesha huyu atakuwa mwanangu, na binti yangu atakuwa dadake. Hataweza kumwoa. Hapa Nakuru watu wa kwetu tunahesabika kwa vidole. Sasa binti yangu nitamwoza nani? Mpeni maji ya mchele, atapona."

Sheria hiyo kila mtoto wa chuo cha Kurani anaijua. Mtoto aliyelishwa maziwa ya mwanamke mara tano akashiba, kabla hajatimiza miaka miwili, basi mwanamke huyo ni mama yake na watoto wa mwanamke huyo ni ndugu zake, na ndugu hawaoani. Kwa hiyo Samsam hakusema uongo hata kidogo. Alikuwa anamwekea binti yake mchumba. Mchumba akafa siku ya Alhamisi, kabla ya adhana ya alasiri.

Kwenye matanga Samsam alilia kuliko wote. Alilia mpaka maziwa yakamtoka yenyewe, kama yanavyowatoka wanaonyonyesha wakishikwa na uchungu, yakalowesha kanga yake kifuani. Kuluthum alikuwa amelala kwenye mkeka na bandeji zake, akaliona lile doa likipanuka. Maziwa yanamwagika kwenye nguo, na mtoto yuko kaburini. Aliapa kimoyomoyo kwamba atamlipa Samsam, na kwamba hatakuwa na haraka.

Hakuwa nayo kweli. Miaka mitatu alimwamkia wifi yake kila asubuhi, akampelekea mchuzi siku za Ijumaa, akamsuka nywele binti yake. Hali ya Hatari ikatangazwa, askari wakawa wanapita Bondeni wakiuliza watu vitambulisho, kila mtu akawa na hofu zake. Kuluthum akawa na hofu moja tu, kwamba Samsam angekufa kabla hajalipwa. Abdirashid aliendesha lori la viazi kutoka Kuresoi na Dundori. Novemba ya hamsini na nne lori lilipinduka kwenye mteremko upande wa Molo, naye hakutoka mzima. Aliacha nyumba ya mabati ya vyumba sita na mke mwenye mimba ya miezi sita. Februari Kuluthum akazaa mtoto wa kike, akamwita Ladan.

Siku ya arobaini ya Ladan, chumba kimejaa wanawake, Samsam aliweka mkono tumboni mwake. Mimba yenyewe ilikuwa haijaonekana vizuri.

"Huyu akiwa mtoto wa kiume," akasema, "mke wake ndiye yule pale kwenye mkeka. Nyumba ya kaka yangu haitoki nje ya ukoo."

Wanawake wakapiga vigelegele. Barazani Mzee Darweshi, baba yao Samsam na Abdirashid, akauliza kuna nini, akaambiwa, akacheka kwa furaha akasema amekubali. Alikuwa mzee mwema, na alipenda kila kitu kiishe nyumbani.

Kesho yake Kuluthum alimwendea. "Baba, sitaki mwanangu aposwe akiwa kwenye nepi."

"Mwanangu," Mzee Darweshi akamwambia kwa upole, "baba yake amekufa. Walii wake ni nani?"

"Ni wewe, baba."

"Basi niachie mimi. Huyu ni damu yangu, na huyo atakayezaliwa ni damu yangu. Nitamtupa wapi?"

Babu ndiye mwenye kauli ya kuoza, na mama hana. Kuluthum alirudi nyumbani akamtazama Ladan aliyelala, akaanza kumwona akiwa na miaka kumi na mitano, ameinama kwenye jiko la Samsam, anaitika "naam mama" kila anapoitwa. Mwanamke yule alikuwa amemla mtoto wake wa kwanza, na sasa alikuwa anamwekea sahani wa pili. Kuluthum alishikwa na hasira mpaka meno yakamwuma.

Mjane lazima ale. Ladan alipotimiza miezi mitatu, Kuluthum alipata kazi ya kufagia na kupiga deki kwenye wodi ya wazazi, hospitalini, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni. Mtoto alibaki kwa jirani aitwaye Jepkorir. Ikifika saa nne matiti yanamjaa, yanauma, na Kuluthum anaogopa yale majipu yasije yakarudi. Nesi wa wodi, Namalwa, mwanamke mnene aliyezoea kuamrisha, alimwona amejishika kifua kwenye ngazi. Akamvuta hadi chumba cha mashuka, akafungua kabati.

Humo ndimo kilimokaa chombo cha kukamulia maziwa. Kilikuwa cha kioo, mdomo wake mpana wa kufunika chuchu, chini yake tumbo dogo la kukusanyia maziwa, na nyuma yake mpira mwekundu wa kubinya. Jina lake la Kizungu hakuna aliyelishika. Kwa vile ule mpira ulifanana na mpira wa honi za magari ya zamani, wodi nzima ilikiita honi.

"Lowesha mdomo ya kioo kwanza, ndio ishike," Namalwa akamfundisha. "Finya mpira, weka kwa titi, halafu wachilia pole pole. Pole pole, mama! Hii si honi ya kweli, hufukuzi ng'ombe kwa barabara."

Kuluthum alibinya, akaachia. Chuchu ikavutwa mpaka machozi yakamlenga, kisha uzi mweupe ukaruka na kugonga kioo. Ulifuata mwingine, na mwingine, na ule uzito kifuani ukaanza kushuka.

"Hii kitu ingekuwa hapa mwaka ile ya mtoto yako ya kwanza," Namalwa akasema huku akikunja mashuka, "pengine jipu haingekuja."

Tangu siku hiyo alikamua mara mbili kila siku ya kazi, saa nne na saa nane. Alichemsha kioo na chupa kwenye sufuria, maziwa akayaweka ndani ya ndoo ya maji baridi, na jioni akampelekea Ladan. Akawa fundi. Wanawake waliojifungua walimwita awashikie honi, maana mkono wake haukuumiza.

Mwezi wa saba, siku ya Jumapili, Samsam aliletwa hospitalini akiwa na uchungu wa mimba ya miezi saba. Alizaa mtoto wa kiume mdogo kuliko kuku wa kuchinja. Baba wa mtoto, mfanyabiashara wa ngozi aliyekuwa Nairobi wakati ule, alituma neno kwamba aitwe Dualeh. Jina likaja, maziwa hayakuja. Walimkanda Samsam kwa kitambaa cha moto, wakamnywesha uji wa wimbi bakuli baada ya bakuli, wakamwekea honi, wakapata matone mawili. Mtoto mwenyewe hakuwa na nguvu ya kunyonya wala ya kulia.

Jumatatu asubuhi Namalwa alimkuta Kuluthum anapiga deki.

"Mama Ladan, wacha hiyo maji. Kuna mtoto anakufa, ni wa huyo wifi yako. Mama yake amekauka kabisa. Wewe maziwa yako inamwagika. Utasaidia ama hutasaidia?"

Kuluthum aliegemea mpini. Naomba mtu asije hapa kuniambia kwamba huruma ilimshika. Njia rahisi ilikuwa kusema hana ya kutosha, na aliiona njia hiyo mbele yake, fupi, imenyooka, na ikampendeza. Mtoto kwa mtoto. Aliionja ile fikira kama mtu anavyoonja mchuzi, akaona imepungukiwa. Samsam angezika, angelia, watu wangempa pole, na mwaka ujao angezaa mwingine, na Ladan angekuwa bado yuko pale pale kwenye mkeka anamngoja mchumba. Kilio huisha. Kuluthum alitaka kitu kisichoisha.

Ndipo akamkumbuka baba yake. Marehemu Maalim Sefu alisomesha watoto sebuleni, wavulana mbele, wasichana nyuma ya pazia, na Kuluthum alikuwa na miaka tisa siku mvulana mmoja mtundu alipouliza: je, kama maziwa yamekamuliwa kwenye kikombe? Wenzake walicheka. Maalim hakucheka. Alisema kikombe, kijiko, hata yakigandishwa yakaliwa mtindi, yakifika tumboni yamefika. Ila yakikamuliwa mara moja ni mara moja tu, hata mtoto akinyweshwa mara tano. Ili zihesabike tano, lazima yakamuliwe mara tano, na mtoto anyweshwe mara tano.

"Nitasaidia," Kuluthum akasema. "Lakini mwulize mama yake kwanza. Nisikie akitaka mwenyewe."

Samsam alikuwa ameketi kitandani, macho yamevimba. Alipomwona Kuluthum alitazama dirishani. Badi hakutajwa, lakini alikuwa mle chumbani na wote wawili walijua.

"Ni kweli unayo, wifi?"

"Ninayo."

Hata hapo, mtoto akiwa anatweta kwenye kikapu kando yake, Kuluthum aliweza kuona Samsam anavyopiga hesabu za posa. Mtu hatupi tabia.

"Sitaki anyonye kwako," akasema hatimaye. "Unajua sababu."

"Nani amesema kunyonya?" Namalwa akafoka. "Hii mtoto hata kunyonya hawezi! Tutakamua na honi, tumpe na kijiko."

Uso wa Samsam ukafunguka kama dirisha. "Kijiko? Basi hakuna kunyonya. Atanyweshwa tu. Ni kama dawa, ni kama maziwa ya ng'ombe." Akamgeukia Kuluthum. "Au vipi, wifi? Wewe ni mtoto wa maalim."

"Baba ndiye alikuwa maalim," Kuluthum akajibu. "Mimi napiga deki."

"Hakunyonya, hawi ndugu," Samsam akasema, na akalirudia kwa sauti kubwa zaidi ili ajisikie mwenyewe. "Hakunyonya, hawi ndugu. Nakuomba mkamulie, wifi."

"Sawa, wifi."

Aliingia chumba cha mashuka akafunga mlango. Alilowesha kioo, akabinya, akaachia. Maziwa yaliporuka alimwona Badi, akaacha kubinya. Alikaa na kile kioo kimejaa nusu, karai la kunawia liko mbele yake, na kila kiungo chake kikimwambia amwage. Kisha akakumbuka Ladan ameinama kwenye jiko, akaendelea kukamua. Akampa Namalwa chupa, akasimama mlangoni akihesabu vijiko mpaka mtoto akageuza uso kwa kushiba. Hiyo ilikuwa ya kwanza. Saa nane akakamua ya pili. Jumanne saa nne akakamua ya tatu, na saa nane, titi likiwa limeanza kuchubuka, akatoa ya nne. Jioni hizo mbili Ladan alipata maziwa kidogo na akalia kwa Jepkorir, na mamake alimbembeleza akimwambia avumilie, kwamba kazi hiyo inafanywa kwa ajili yake.

Jumatano asubuhi, kabla hajagusa honi, alikuta kopo kubwa la maziwa ya unga juu ya meza ya Samsam. Mumewe alikuwa amelituma kutoka Nairobi kwa treni.

"Ahsante, wifi," Samsam akasema, na sauti yake ya zamani ilikuwa imerudi. "Sasa pumzika. Hatutaki kukusumbua tena."

Kuluthum alichukua ndoo yake. Nne si tano. Alipiga deki korido yote bila kuona sakafu, akairudia, akairudia tena, huku akijilaani kwa kuwa na miadi ya saa nne na saa nane kama karani badala ya kujikamua saa mbili na kulimaliza jambo. Miaka minne ya kungoja, na kopo la bati linakuja kumharibia kila kitu!

Kopo halikumaliza asubuhi. Dualeh alitapika mlo wa kwanza, akatapika wa pili, na wa tatu ukampitia chini ukiwa kijani. Saa nane Kuluthum alisikia kandambili zikiburuzwa koridoni. Samsam alikuwa anakuja huku ameshika ukuta kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika honi. Namalwa alikuwa nyuma yake akimkataza kutembea.

"Wifi," Samsam akasema, "nakuomba."

"Unaniomba nini?"

"Nikamulie."

"Sema vizuri, sista asikie. Unataka mtoto wako apewe maziwa ya nani?"

"Yako! Yako, wifi, haraka!"

Kuluthum akaipokea ile honi kwa mikono miwili. Alikamua taratibu, hakuacha hata tone kwenye kioo, na mtoto alikunywa vijiko kumi na viwili akalala. Mwanamke mwingine angetulia hapo akaenda zake. Kuluthum alienda nyuma ya jengo, karibu na kamba za kuanikia mashuka, akacheka peke yake mpaka akakaa chini.

Hakuacha kukamua baada ya hapo, maana kopo halikukubalika tena. Wiki tatu mtoto alikaa wodini, na alipotoka Namalwa aliazimisha honi ili ichukuliwe nyumbani. Asubuhi na jioni Kuluthum alipitisha chupa juu ya ukuta. Dualeh akaota mashavu, akajifunza kulia, akajifunza hata kunyonya chupa. Alikuwa na masikio ya Abdirashid. Siku Kuluthum alipoyagundua alikasirika, kwa sababu alijikuta ameyashika kwa vidole viwili na hakutaka kuyaachia. Tangu hapo akawa anapitisha chupa bila kuchungulia.

Arobaini ya Dualeh ikafanywa Jumamosi, mwisho wa mwezi wa nane. Mzee Darweshi alichinja mbuzi wawili na kumwalika Maalim wa msikitini, maana siku hiyo posa ingesomewa fatiha mbele ya watu. Wanaume walikaa sebuleni, wanawake chumba cha ndani, pazia katikati. Asubuhi ya siku hiyo Kuluthum alipitia hospitali kwanza akairudisha honi kabatini. Kisha akamvika Ladan gauni la manjano, akaja akaketi karibu kabisa na pazia.

Sinia za pilau zilikuwa zimekwisha kuingia. Maalim alipoinua mikono, Kuluthum akasema kwa sauti ya kawaida, "Maalim, nina swali."

"Maswali baadaye, mwanangu," Mzee Darweshi akasema.

"Baadaye halitafaa, baba."

"Mwache aulize," akasema Maalim.

"Ladan ni mwanangu, ananyonya kwangu. Dualeh amelishwa maziwa yangu tangu siku ya pili ya maisha yake mpaka leo asubuhi. Mkisoma fatiha hiyo, dhambi itakuwa ya nani?"

Ndani wanawake walimgeukia Samsam, naye akacheka, kicheko kifupi cha mtu mwenye jibu mfukoni.

"Hakunyonya!" akasema. "Alinyweshwa, kwa kijiko, hospitalini. Nesi alikuwepo. Titi lake mwanangu hajaligusa."

"Maziwa yalitokaje?" Maalim akauliza.

"Kwa kioo chenye mpira, Maalim. Ni chombo tu."

"Kuluthum, ulikamua mara ngapi?"

"Ya tano ilitimia Jumatano ile ya kwanza, saa nane mchana. Na hiyo ya tano wifi aliniletea chombo kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya hapo sikuhesabu tena."

"Samsam, ni kweli?"

"Ni kweli, lakini..."

"Alishiba?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa akimtembelea Samsam wodini akajibu kwa niaba yake kwamba mtoto alishiba, mashavu yake si haya hapa.

Maalim akashusha mikono. "Neno kunyonya limekupoteza, mwanangu," akamwambia Samsam kupitia pazia. "Sheria haiulizi mdomo ulifanya nini, inauliza tumbo lilipokea nini. Hawa ni kaka na dada. Fatiha hii siisomi mimi, na asiisome mwingine."

"Hakuna kafara?" Mzee Darweshi akauliza. "Hakuna cha kutoa?"

"Kafara ya nini, mzee? Hakuna aliyekosa. Mtoto alikuwa anakufa, akalishwa."

Samsam alikuwa amesimama, upande wa kanga umemwanguka. "Ulijua," akamwambia Kuluthum. "Siku ile nilikuuliza, ukanikwepa. Ulijua!"

"Nilijua tangu nina miaka tisa. Na wewe ulijua siku Abdirashid alipokuja amevua kofia, wewe unageuza mandazi. Badi angekuwa na miaka minne sasa. Hukutaka awe mwanao, ukamtaka awe mkweo. Haya, leo umekosa mkwe."

"Mimi sikumwua Badi!"

"Hukumwua. Ulimnyima."

Alilisema mbele ya wanawake thelathini, na lilimtoka tamu. Wanaosema kisasi ni kichungu labda hawajawahi kukingoja miaka minne. Kuluthum akavuta sinia, akakunja mkono wa gauni, akala pilau mpaka akatosheka, na Ladan akiwa mapajani anachezea punje za mchele. Wengi mle ndani hawakuweza kumeza.

Samsam aliamka kesho yake na shida nyingine. Honi ilikuwa imerudi hospitalini na chupa haikupitishwa juu ya ukuta. Alijaribu kopo, mtoto akatapika. Akamfunga Dualeh kwa kanga akaanza kuzunguka Bondeni. Mwanamke wa kwanza mwenye maziwa alikuwa na binti wa miezi mitatu, akasema anamwonea huruma lakini huwezi kujua, pengine hawa watakuja kupendana. Wa pili naye alikuwa na binti. Wa tatu alikuwa na wavulana watupu, lakini alitarajia kuzaa binti. Jana wote walikuwa wamesikia fatwa, na kila mmoja sasa alikuwa anamwekea mwanawe mchumba. Walimfungia milango kwa adabu, wakimshauri ajaribu maji ya mchele.

Saa nne asubuhi alibisha kwa Kuluthum. Mtoto alikuwa amekwisha kulia mpaka sauti imekauka.

"Wifi," akasema, macho chini, "nimekuja na chupa."

"Chupa ya nini? Honi haipo."

"Basi..."

"Mlete hapa."

Samsam akamtoa Dualeh mgongoni akamweka mapajani mwa Kuluthum. Kuluthum alimsogeza Ladan pembeni, akafungua gauni, akatoa titi. Mtoto alitafuta kidogo, akalipata, akalishika kwa nguvu zake zote, na mle chumbani ikasikika anavyomeza. Mama yake hakuwa na pa kukaa, wala hakukaribishwa kiti. Muda wote ule mtoto alipokuwa ananyonya, Kuluthum hakumtazama hata mara moja. Alimtazama Samsam usoni, bila kupepesa, mpaka mtoto akashiba.